Roze za Mama Zisizochoma

Siye tuliokulia Bunia zamani kidogo, kabla kila mutoto hajashika telefoni, tulijua prosesio ya Sakramenti, yale maandamano ya kanisa, imekaribia kwa kuangalia vidole vyetu. Vilikuwa na mikwaruzo tupu. Kila binti mudogo aliyechaguliwa kuvaa kanzu nyeupe na kumwaga maua njiani mbele ya padri alipaswa kuleta kikapu kimejaa, na katika kartie yetu, mtaa mzima, roze, yale maua ya waridi, zilikuwa kwa mama yangu tu. Ee, tulikuwa na heshima siku hizo! Hata wale walioninyima nafasi ya kuruka kamba walikuja kubisha hodi kwa sauti ya upole.

Mama alizileta kutoka Nyankunde, vijiti vitatu vimefungwa ndani ya jani la mgomba, akavipanda kwanza kwenye makopo ya maziwa, kisha mbele ya nyumba. Zilikuwa nyekundu, harufu yake inaingia mpaka jikoni na kushindana na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Na miiba, wee! Tulikuwa tunavunja mwiba mkubwa, tunaulamba, tunaubandika juu ya pua, basi umekuwa kifaru. Yaya Riziki, dada yangu mukubwa, alifika darasani na miwili puani. Mwalimu alimpigisha magoti mpaka saa ya kurudi nyumbani, na kifaru hakuacha kucheka.

Asubuhi ya prosesio yake, Yaya alichomwa, tone la damu likaanguka kwenye kanzu, sista mmoja akamtoa kwenye mstari. Alilia siku nzima. Kwa hiyo, mwaka uliofuata, zamu yangu ilipofika, aliapa kwamba miye sitachomwa. Mama alipoenda sokoni tulichukua kisu cha kumenyea mihogo, tukakwangua mashina yote matatu toka chini mpaka juu, matawi yote, mpaka yakawa laini kabisa. Ngozi nayo ikatoka. Siye tuliona ni usafi. Tulifagia hata miiba, tukakaa kwenye ngazi, wawili, kungoja pongezi.

Mama alitua kikapu chake. Akapitisha kidole juu ya shina, polepole. Tulijua fimbo inakuja, lakini hakutupiga.

"Batoto yangu," alisema, "mulizivua nguo na hii baridi?"

Kabla ya wiki kwisha majani yote yalikuwa chini. Nilienda kwenye prosesio na kikapu cha maua ya maboga, na padri aliyakanyaga kwa heshima ileile. Mashina mawili yalikufa. La tatu Yaya alilimwagia maji kila asubuhi kabla ya masomo, akiliomba msamaha kwa sauti, bila haya, mpaka siku moja likachipuka toka chini.

Baadaye ikaja vita, tukakimbia. Yaya hakurudi na siye. Homa ilimuchukua njiani. Tulipofika nyumbani milango ilikuwa imeondoka, mabati imeondoka, lakini roze ya Yaya ilikuwa palepale, imepanda mpaka dirishani. Mama aliikumbatia na miiba yake. Tangu hapo, kila asubuhi alikaa pembeni yake na chai yake, na hata macho yalipoanza kumuacha aliijua kwa vidole.

Sasa Mama iko na ugonjwa wa sukari. Mwaka jana mwiba ulimuchoma, kidonda kikakaa miezi mitatu, na daktari akasema kingine kama hicho, kidole kitakatwa. Nilihamisha roze ya Yaya nyuma ya nyumba, ndani ya seng'enge, asikoweza kufika. Mama alisema sawa. Lakini hakutoka tena nje. Kiti chake kilinyeshewa na mvua, na miye niliona kwamba ninamupoteza polepole humo ndani ya chumba.

Ndiyo nikaenda kwa mama mmoja anayeuza miche kwenye barabara ya Irumu, kutafuta roze isiyochoma. Nilifumba macho, nikazipima kwa vidole kama Mama anavyofanya. Ya kwanza, ya manjano, laini kabisa, lakini haina harufu, na mutu asiyeona atafanya nini na rangi? Ya pili, nyeupe, shina safi, kumbe chini ya jani kuna miiba midogo imejificha. Ya tatu, ya pinki, ilinukia vizuri sana na shina lake lilikuwa na miiba miwili tu, chini karibu na udongo. Muuzaji akatoa wembe aikwangue.

"Acha!" nilipiga kelele, mpaka akashituka.

Binti yangu alikuwa pembeni, ananionyesha kwenye telefoni roze ya bulu kama anga. Bulu! Siye tulichagua maua kwa pua. Batoto ya leo wanachagua kwa kidole gumba.

Niliipanda ile ya pinki pale pa zamani, mbele ya nyumba, miiba miwili ikiangalia ukuta. Ua la kwanza lilipofunguka nilimushika Mama mkono, nikamutoa nje. Vidole vyake vilishuka kwenye shina, vikapanda, vikashuka tena, vikasimama.

"Bora," aliniita kwa jina langu. "Weye na Riziki mulizivua tena nguo?"

"Hapana, Mama. Hii ilizaliwa hivi."

Alinusa. Akakaa kwenye kiti chake, shina mkononi, hana haraka.

"Mulifanya muzuri," alisema. "Weye na yaya yako. Sikuwaambia ile siku ya kisu."

Zamani tulichomwa, tukalia, tukacheka, na roze zilikuwa za kartie nzima. Leo hazichomi, na hakuna binti anayekuja kubisha hodi na kikapu. Nilikaa kwenye ngazi ileile, nikaacha nafasi ya Yaya pembeni yangu.