Kinyonga wa Fundi Gelasius

Gelasius alikuwa fundi cherehani wa Ushirombo, mtu wa kupima mara tatu ndipo akate. Mwaka 1953, mvua zilipoanza kupungua, alimwokota kinyonga mchanga, mrefu kama kidole, akamweka kwenye mpera mdogo ulioota kando ya baraza alimoshonea.

Mwanzoni alikosea kama anavyokosea fundi. Kwa kuwa watu husema kinyonga huiga rangi ya mahali alipo, alimpanga juu ya vitambaa: bafta nyeupe, kaniki nyeusi, kisha kipande chekundu. Juu ya vyote kinyonga aligeuka mweusi, akavimba, akafoka kama pasi ya moto iliyodondokewa na maji. Majuma mawili yalipita kabla fundi hajatambua kwamba kilichombadilisha si kitambaa, bali mkono uliombeba. Asubuhi za baridi pia alikuwa mweusi, ubavu mmoja ameuelekeza kwenye jua. Mwili ukishapata joto, ukijani ulirudi.

Mwezi uliofuata alifika mama mkwe wake, Philomena, kutoka Kishapu, kumtunza binti yake Coletha aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Bibi huyo alipouinamia mpera, kinyonga akawa mweusi tii.

"Coletha! Mnyama huyu ananiona, anavaa kaniki. Anatangaza msiba. Leo atakula tumbaku."

Tumbaku ikitiwa kinywani mwa kinyonga, humuua. Gelasius alisikia kila neno, lakini kwa mila mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hajibizani naye. Basi aliuelekeza uso ukutani, na Coletha akasimama katikati na tumbo lake.

"Mwambie mama, kinyonga amemwogopa. Kivuli kikimjia kutoka juu, hudhani ni mwewe."

"Mayu, mama yangu, anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi! Muulize mumeo, tangu lini mwewe akajifunga khanga?"

Coletha alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyinyi mtaniua kabla ya huyo kinyonga."

"Mwambie aketi chini, amnyooshee panzi kwenye ncha ya ujiti, asimguse," Gelasius alisema taratibu. "Akigeuka mweusi tena, sitaizuia tumbaku."

Coletha aliacha kucheka. Mumewe hakuwa mtu wa kuvunja neno alilolitoa.

Jua lilipopanda, Philomena aliketi mkekani, tumbaku ameifunga kwenye pindo la khanga. Cherehani ilinyamaza. Aliponyoosha ujiti, jicho moja la kinyonga lilimgeukia yeye, la pili likabaki kwa panzi. Madoa meusi yakaanza kujitokeza shingoni. Philomena, aliyekulia zizini, alituliza mkono kama anayekamua ng'ombe asiyemzoea. Akangoja. Madoa yakafifia. Ulimi ukachomoka, na panzi hakuonekana tena.

"Ee!" alisema, basi. Tumbaku akainusa mwenyewe.

Majuma matatu baadaye Coletha alijifungua salama mtoto wa kike. Siku ya kuondoka, bibi alisimama upande wa pili wa ukuta wa baraza alimokuwa Gelasius.

"Coletha, mwambie mumeo asimlishe kinyonga alfajiri. Nimemwangalia mimi. Mwili ukiwa bado wa baridi, panzi humpita hivi hivi."

Gelasius hakungoja aambiwe mara ya pili. Tangu kesho yake, panzi wa kwanza alipelekwa mperani saa nne asubuhi.