Nilivyoisifu Nyumba ya Wazee

Mara tatu nilitumwa kuikagua nyumba moja ya wazee huko Dilala, mtaa wa mji wetu wa migodi, na mara tatu niliisifu. Maneno yale niliyaandika mwenyewe, hakuna aliyenishikia kalamu. Parokia yetu ndiyo iliyoisaidia nyumba hiyo, na ilinichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, mingi yake katika wodi ya upasuaji. Watu waliamini kwamba macho yangu hayadanganyiki. Mimi pia niliamini hivyo.

Aliyeiongoza nyumba ile alikuwa rafiki yangu. Tulisoma uuguzi pamoja, tukalala bweni moja, tukaazimana viatu vyeupe vya kazi. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa nilimzidi mwaka mmoja. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, yeye ndiye aliyeniosha. Mume wangu alipofariki, alikaa nami kwenye mkeka siku zote za matanga, akitoka tu kwenda kazini na kurudi. Kwa hiyo sikuingia pale kama mkaguzi anavyoingia kwa watu asiowajua. Niliingia kama mtu anayeingia jikoni kwa ndugu yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja ya majengo marefu ya zamani, yaliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi, yenye barza ndefu, yaani kibaraza, mbele na vyumba vimepangwa nyuma yake. Siku ya ukaguzi ilikuwa Jumanne. Parokia ilitangulia kupeleka barua, kisha nilifika saa tatu asubuhi na karatasi yangu. Niliangalia maji, choo, chakula, dawa na vitanda. Mwisho niliangalia ngozi, kwa sababu mgonjwa asiyeweza kujigeuza hali yake huandikwa mgongoni na visiginoni. Hilo nililifundisha kwa wauguzi wachanga mpaka wakachoka kunisikia.

Rafiki yangu alinitangulia akifungua milango.

"Angalia mwenyewe, yaya. Hatufiche kintu."

Na nilichokiona kilipendeza. Shuka nyeupe zilizonyooshwa. Wazee waliopakwa mafuta, kucha zimekatwa, wamekaa kwenye barza na vikombe vyao vya chai. Sakafu zilinuka dawa ya kuua vijidudu, harufu kali iliyochoma pua hata kabla sijapita mlangoni. Niliandika: usafi mzuri sana. Nilipokaribia kitanda cha mtu aliyefunikwa mpaka kidevuni, rafiki yangu alinigusa mkono.

"Huyu tumemugeuza sasa hivi. Tumuache alale kidogo."

Nilimwacha alale.

Baada ya ukaguzi wa pili ndipo baba yangu alipopooza upande wa kuume. Wakati huo alikuwa akiishi Kasulo, katika nyumba aliyoinunua baada ya kustaafu kazi ya kuchomelea vyuma. Vijana walikuwa wakichimba kobalti kwenye viwanja vya jirani, na mashimo yao yalikuwa yamefika chini ya nyumba yake. Ukuta wa sebuleni ulipasuka, na sakafu ya chumba cha kulala ilianza kubonyea ukiikanyaga. Kwangu mimi palikuwa na chumba na sebule, na niliondoka kila asubuhi kwenda kwenye zahanati nilikokuwa bado nafanya kazi. Nilimwambia baba kuna mahali pazuri ambapo nimepakagua mwenyewe mara mbili. Hakutaka. Jioni aliniuliza, "Ni wewe njo umesema ni pazuri?"

"Ni mimi, tata," nilimjibu, yaani baba.

"Basi nitaenda."

Alipewa chumba cha mwisho, kitanda cha karibu na dirisha. Kitanda cha pili kilikuwa na mzee aliyetoka upande wa Dilolo, fundi wa zamani wa reli, mtu mwembamba aliyejua Kichokwe zaidi kuliko Kiswahili. Watoto wake walikuwa wamevuka kwenda Angola na hawakurudi. Nilipoingia alitabasamu na kuinua vidole viwili juu ya shuka. Nilimsalimia, nikaenda kwa baba.

Baba alitunzwa vizuri. Nilimkagua kama ninavyojua kukagua: mgongo safi, visigino laini, kinywa kimesafishwa. Nilikuwa namtembelea Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili nilimkuta amenyolewa, ana shati safi, na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki pembeni. Lakini hakuwa na maneno. Nikimuuliza habari, alijibu, "Niko bien," yaani mzima, akaangalia dirishani. Nilidhani ni ugonjwa, au ni hasira ya kuiacha nyumba yake. Katika ukaguzi wa tatu niliingia chumba kile pamoja na rafiki yangu, nikamgeuza baba mbele yake, nikaangalia ngozi, nikaandika kwa chumba kizima: ngozi nzuri, wagonjwa wanageuzwa inavyopaswa. Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Mimi niligeuza mtu mmoja.

Siku tatu baadaye, Ijumaa, miwani ya baba, niliyoipeleka kutengenezwa, ilikuwa tayari kwa fundi. Zahanati haikuwa na watu wengi, nikaomba ruhusa, nikapanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, nikafika saa nne asubuhi bila kumwambia mtu. Mlinzi wa geti aliniangalia kama aliyeona jambo baya.

"Mama, leo haiko mardi," alisema, yaani si Jumanne.

"Nimemletea baba miwani yake."

"Ngoja nimuite directrice, mukubwa wa nyumba, kwanza."

Sikungoja. Barza ilikuwa tupu. Harufu ya dawa haikuwepo, na kwa kuwa haikuwepo, niliisikia ile nyingine ambayo kila Jumanne ya ukaguzi na kila Jumapili ilikuwa imefunikwa. Mtu aliyefanya kazi wodi ya upasuaji hahitaji kuelezwa. Ni harufu ya nyama ya mtu inayooza angali hai. Niliifuata mpaka mwisho wa barza, kwenye chumba cha baba yangu.

Baba alikuwa amelala kwenye shuka safi, amepakwa mafuta, anasikiliza redio. Mzee wa Dilolo alikuwa kwenye godoro la sponji lisilo na shuka, limefunikwa plastiki, na mkojo umekaukia kwenye kingo zake. Kikombe cha maji kilikuwa juu ya meza ambayo mkono wake haukuweza kuifikia. Aliponiona aliinua vidole viwili.

Nilimgeuza. Kidonda kilikuwa chini ya kiuno, kikubwa kuliko kiganja changu, na katikati yake mfupa ulikuwa ukionekana. Kidonda cha namna ile hakianzi Jumatano. Kinachukua majuma mengi. Maana yake Jumanne, nilipokuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake nikiandika ngozi nzuri, kilikuwepo chini ya shuka nyeupe.

Nilimpa maji. Alikunywa vikombe vitatu. Kisha nikamgeukia baba.

"Tata, hii kidonda ulijua?"

Alizima redio kwa mkono wake mzima. "Sikuiona. Harufu yake njo nilisikia. Usiku analia, mi naita batu ba kazi, hakuna mwenye anakuya."

"Juu ya nini hukuniambia?"

Aliisukuma redio pembeni.

"Nikuambie nini, mama? Mi nilizania unajua."

"Nijue nini?"

"Nilizania mulisikilizana, we na mwenzako. Baba yako akule muzuri, alale muzuri, na bale bengine bakae vile, we uandike ni bien. Bananipa samaki mi peke yangu. Huyu anakula bukari na maji ya majani ya sombe. Nilikuwa nasikia haya kumutazama."

Miezi yote ile, basi, kule kunyamaza kwake kulikuwa kuninyamazia mimi. Alikuwa amelala pale akiamini kwamba mtoto aliyemzaa ameuza wazee wenzake kwa sahani ya samaki.

"Tata, mi sikujua."

"Eh," alisema. Basi.

Rafiki yangu nilimkuta mlangoni. Alikuwa amekimbia, kilemba kimelegea. Aliangalia kitanda, akaniangalia, na hakujaribu kudanganya. Nilitamani ajaribu.

"Tuingie ofisini, yaya."

"Tuzungumze hapa. Mbele yao."

Alisema wafanyakazi walikuwa wamebaki watatu kwa nyumba nzima, kwamba wengine walikimbilia machimboni kuosha mawe ya kobalti. Alisema ripoti moja mbaya ingetosha nyumba kufungwa, na wazee hawa wangelala wapi? Ndiyo maana shuka zilihamishwa kutoka chumba hadi chumba kabla sijaingia, na wale wenye hali mbaya zaidi aliwaficha chumba cha kufulia, na tangu Jumanne hawajarudishwa vitandani.

"Na baba yangu?"

"Baba yako nilimutunza mi mwenyewe, na mikono yangu. Alikosa nini?"

"Ulimtunza ili nisione wengine."

"Nilimutunza juu ni baba yako!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Na we, yaya, mbona hukufunua shuka? Unajua kazi hii kuliko mi. Nilikuwa nakuambia tumuache alale, na ulikuwa unakubali. Kama ingekuwa nyumba ya mwengine, ungekubali?"

Kama angeniambia tangu mwanzo, ningekunja mikono ya blauzi nikageuza wazee pamoja naye kila jioni. Ninaamini hivyo, ingawa siku hizi naamini mambo yangu kwa tahadhari. Alikuwa na mimi, muuguzi na dada, akachagua kunitumia kama muhuri.

Siku ile ile tulimpeleka mzee wa Dilolo hospitalini. Nilifungua mlango wa chumba cha kufulia, nikakuta wengine wawili, mwanamke na mwanamume, wamelala kwenye mikeka kati ya mabeseni. Jioni niliandika ripoti ya nne. Mwanzoni mwake niliandika kwamba zile tatu za kwanza zisiaminiwe, na kwa nini. Padri aliisoma mbele ya baraza la parokia. Hakuna aliyenilaumu kwa sauti. Mwanamke mmoja ambaye shangazi yake alikuwa mmoja wa wale wawili alinyanyuka, akahamia benchi jingine, mbali na nilipoketi.

Nyumba haikufungwa. Rafiki yangu aliondolewa, akaja mtawa kutoka Lubumbashi pamoja na kina mama wa parokia wanaopokezana zamu, na sasa ukaguzi hauna barua wala siku. Si mimi ninayeufanya. Niliomba niwekwe upande wa kuosha na kugeuza, na huko ndiko nilipo, Jumatatu na Alhamisi.

Mzee wa Dilolo nilimfunga kidonda huko hospitalini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kilianza kusafika, lakini damu yake ilikuwa imekwisha kuchafuka, na alifariki kabla mvua hazijaisha. Tulimzika watu saba. Rafiki yangu alikuja, akasimama nyuma. Tulipokuwa tukitoka alinishika kiwiko kama zamani.

"Yaya, hatutaongea tena?"

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilitaka kumwambia kwamba ningeweza kumsamehe uongo wa shuka, na labda hata chumba cha kufulia, lakini si ile miezi ambayo baba yangu alinitazama na kuona mtu mwingine. Nikashindwa, kwa sababu aliponishika kiwiko nilikumbuka maji ya moto aliyoniosha nayo nilipojifungua. Nilitoa mkono wangu polepole, nikapanda taksi-moto ya kwanza iliyopita.

Baba anaishi kwangu sasa. Niliigeuza sebule kuwa chumba chake, na mpwa wangu wa kike anakaa naye mchana. Jioni ninamwosha, ninamgeuza, ninampaka mafuta, naye ananisimulia habari za redio, nani amezungumza nini Kinshasa. Amerudiwa na maneno. Lakini mara nyingine, nikiwa nimeinamia mgongo wake na hawezi kuuona uso wangu, ninamwambia tena.

"Tata, kweli kabisa, mi sikujua."

"Nasikia, mama," anajibu.

Anasema hivyo kila mara, kwa upole. Hajawahi kusema kwamba anaamini.