Jeneza Lililobeba Mapanga

Walimfunua Hafswa barabarani, jua la adhuhuri likiwaka, jeneza likiwa njiani kwenda makaburini.

"Jeneza la Faraj? Halipiti bila kufunguliwa," alisema Mutua. Kwa mkono wake mmoja uliosalia alivuta shuka la kijani, akaipasua sanda mpaka kifuani mbele ya wanaume arubaini. "Haya, tumeona. Mpitisheni."

Faraj, mume wa marehemu, alipiga magoti vumbini, akamsitiri mkewe kwa kilemba chake. "Sikujua, Mutua. Wallahi sikujua."

"Basi anayejua na aseme."

Kwa miaka kumi na tisa Faraj alitunza jeneza la msikiti mdogo wa Changamwe. Kazi yake ilikuwa na sharti moja: anayekuja kuliomba haulizwi kafiwa na nani. Hupewa.

Mwaka 1961 chama cha wafanyakazi wa maghala kiligawanyika. Watu wa Jamaludin walijifungia ndani ya ghala, na wenzao wa upande wa pili wakawazingira siku sita, mpaka maji yakawaishia. Siku ya sita, Alhamisi, walikubali kutoka kesho yake ili wasuluhishwe. Jamaludin, aliyekuwa nje, hakutaka suluhu. Alasiri ile alibisha kwa Faraj.

"Tumefiwa, mzee wangu."

"Inna lillahi. Chukueni, mwanangu. Sanda mnayo?"

"Tunayo, baba. Wewe tuombee tu."

Wabebaji waliwaambia wazingiraji kwamba maiti ni babake mmoja wa waliomo ghalani, anapelekwa mlangoni ili mwanawe amuage. Watu walivua kofia, wakafungua njia. Mutua, mmoja wa wazingiraji, Mkristo wa kutoka bara, alitia bega lake kama alivyowaona majirani wakifanya.

"Mzito huyu, jamani! Alikuwa akila nini?"

"Jasho letu," alijibiwa, wakacheka pamoja.

Chini ya shuka mlikuwa na madebe ya maji na mapanga thelathini. Robo saa baadaye Mutua alikatwa mkono kwa panga alilolibeba mwenyewe. Watatu walikufa mlangoni.

Ushindi ule haukuumaliza ugomvi, uliugeuza vita. Waliookolewa waliiteka ofisi ya chama, wakawafukuzisha wenzao kazi. Walioshindwa nao walijifunza kutoamini neno la mtu, wala kilio chake. Miaka miwili sasa wafanyakazi wa ghala moja wanakatana, na hakuna maiti apitaye Changamwe bila kupekuliwa. Wazee wa msikiti walimnyang'anya Faraj ufunguo wa chumba cha jeneza, wakamwita mshirika wa wauaji. Hawakumwuliza hata swali moja.

Leo, Jamaludin, wewe ni mwenyekiti wa chama. Unapanda majukwaani kutuhubiria uhuru na udugu. Shuka kwanza. Ijumaa hii simama mbele ya msikiti ule, Mutua akiwapo, useme kwa kinywa chako kwamba ulimdanganya Faraj. Nanyi wazee mliomhukumu bila kumsikiliza, mrudishieni ufunguo mkononi, hadharani, kisha mfuatane naye hadi kaburini kwa Hafswa mkamwombe radhi.

Usimtume mtu, Jamaludin. Njoo mwenyewe.