Shangazi Povu na Gari la Maziwa

"Hakuna harufu iliyowahi kunishinda, na hiyo itakayonishinda, mama yake bado hajaolewa!"

Maneno hayo shangazi yangu aliyasema kwenye kipaza sauti, mbele ya watu themanini, siku ya kumuaga mpishi mkuu wa hoteli. Alikuwa ameombwa aseme kwaheri tu. Kwa miaka kumi na mitano alifua mashuka ya hoteli hiyo, wenzake wakambatiza Povu. Siku hiyo akamuaga mpishi na akajiaga mwenyewe papo hapo: anaacha kazi, anaanzisha kampuni ya kuondoa harufu kwenye magari yaliyotumika, na wateja wake ni wenye yadi wanaoyauza. Meneja alipiga makofi. Jumatatu akampa mtu mwingine nafasi yake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na shangazi alikuwa ameshavua mpaka soksi.

Kampuni ilianza na mashine moja ya kunyonya vumbi, miswaki kumi na miwili, na mume. Mume ni fundi viatu, mtu wa maneno machache na yote ya kukatisha tamaa.

"Mama watoto, watu wananunua gari kwa macho."

"Na wanalikimbia kwa pua, baba watoto. Shika ndoo."

Yadi sita zilimkatalia. Mwenye yadi ya saba alimsikiliza kwa sababu alikuwa na shida. Nyuma kabisa, peke yake, lilisimama gari dogo jeupe ambalo mmiliki wake wa kwanza alimwaga maziwa lita tano humo ndani, akapandisha vioo, akaliuza. Lilikuwa limekaa juani miezi tisa.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema mwenye yadi, akiongea kutoka mbali. "Lakini hili, dada, halijiuzi wala halijitembezi. Linanitazama tu. Likiuzwa kabla sijafunga Jumamosi, magari yangu yote thelathini na moja nakupa wewe. Lisipouzwa, namba yangu ifute."

Shangazi akafungua mlango. Fundi wa yadi anaapa kwamba alimwona akirudi nyuma hatua mbili. Mwenyewe anasema alikuwa anatafuta kivuli.

Kazi ikala siku tatu. Aling'oa viti, akavua zulia, na chini yake akakuta sponji imegeuka jibini. Akaitupa, akakata mpya. Akasugua bati kwa siki na magadi, akapitisha mswaki kwenye kila tundu la hewa, akalianika zulia kama shuka la hoteli. Alhamisi asubuhi gari halikunuka kitu. Hapo angekaa chini anywe chai. Lakini mkono uliofua miaka kumi na mitano haujui kusimama: akafungua boneti, akaiosha injini nayo mpaka ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Mteja wa kwanza akaja mchana huo. Akakaa, akavuta pumzi, akatabasamu. Akafungua boneti. Tabasamu likahama.

"Nani kaiosha hii injini?"

"Mimi!" shangazi akaitikia, akisubiri pongezi.

"Mmefuta mafuta yaliyokuwa yanavuja, eti? Gari la miaka kumi na moja, injini safi kuliko sahani zangu!"

Akaondoka. Wa pili akasema hayo hayo, akaongezea na tusi.

Fundi wa yadi akashika kichwa. "Shangazi, injini ya gari kuukuu haioshwi! Vumbi kavu ndilo shahidi wake. Ingekuwa inavuja, vumbi lingelowa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Ukanifukuza, ukasema nakukanyagia sakafu."

Mwenye yadi alionyesha kalenda tu.

Ijumaa shangazi akaomba ruhusa, akampandisha fundi wa yadi kwenye usukani, wakashika barabara ya machimbo ya mawe. Walikwenda na kurudi mara nane, vioo vimefungwa, nyuma ya malori. Mtu aliyeishi maisha yake yote akiuchukia uchafu sasa anapiga kelele: "Lisogelee hilo lori! Lisiondoke na vumbi letu!"

Jumamosi, nusu saa kabla ya kufunga, akaja mkunga mstaafu. Alianza na boneti. Akapitisha kidole kwenye injini.

"Kavu. Lakini mbona vumbi lenyewe jipya?"

"Niliiosha kwa ujinga wangu, mama. Jana nikaipeleka machimboni mara nane. Ingekuwa inavuja, ungeshika tope."

Mkunga akamtazama juu chini, akaingia ndani. "Na humu kulimwagika nini?"

Mwenye yadi akakohoa kwa nguvu.

"Maziwa," shangazi akasema. "Lita tano, miezi tisa."

Mkunga akainama mpaka pua ikagusa zulia. Akakaa huko chini mpaka shangazi akasahau kupumua.

"Nimezalisha watoto elfu mbili," akasema akinyoosha mgongo. "Maziwa yaliyolala nayajua. Humu hamna. Karatasi ziko wapi?"

Sasa shangazi anahudumia yadi nne, ana wafanyakazi watatu, na mumewe ndiye mshonaji wa mazulia, bado anaamini biashara haitafika Disemba. Wapo wenye yadi wanaoshikilia kwamba injini lazima ing'ae. Shangazi hagombani na mteja. Kuosha injini ni shilingi elfu tano. Kuirudishia vumbi ni elfu kumi na mbili.