Mtahini Kutoka Moshi

Harufu ya chokaa mbichi hunitia hasira mpaka leo. Katika miezi ya mwisho kabla ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, sisi wanafunzi kumi na wawili wa shule iliyokuwa nyuma ya boma la Arusha tuliipaka chokaa wiki nzima, ukungu wa Meru umetushukia mabegani na vidole vinachubuka. Hatukuwa watoto wa kuokotwa. Kila jumbe alileta watoto wa eneo lake. Mwalimu Shomari, mtu wa Tanga, akawapima kwa hesabu, akatubakiza sisi, wengine wakarudi kuchunga. Asubuhi tulipanga mstari, tukakaguliwa kucha, tukaimba kwa Kijerumani wimbo ambao hakuna aliyejua maana yake, kisha tukainamia vibao vyetu vya mawe. Mchana tulipalilia bustani ya bwana mkubwa, na kazi hiyo iliitwa masomo.

Chokaa ile ilikuwa kwa ajili ya mtahini kutoka Moshi. Angechagua wawili waende shule kubwa ya Tanga, na aliyetoka huko alikuwa karani. Nilikuwa wa kwanza kwa hesabu, na ukarani niliutaka kuliko ng'ombe wote wa baba. Lakini wiki hiyohiyo wazee wetu wa Kiarusha walitangaza jando la mwisho la rika letu. Baada ya hapo lingefungwa kwa miaka, na aliyebaki nje angeingia katika rika la wadogo zake.

"Mzungu atakuja tena," baba aliniambia. "Rika halirudi."

"Baba, mwalimu amesema nikikosa hata siku moja analifuta jina langu."

"Basi chagua. Ila usije kulia kwangu."

Nikabaki shuleni. Lomayani, rafiki yangu ambaye hesabu zake nilizifanya mimi, aliacha kibao chake juu ya benchi akaenda jandoni.

Tukangoja. Kila vumbi lilipoinuka barabara ya Moshi tulikimbilia mstarini. Wiki ya pili akafika tarishi, na Mwalimu Shomari akatoka ofisini kofia mkononi. "Ni vita, wanangu. Mtahini haji." Siku chache baadaye naye alichukuliwa kwenda na askari, darasa likajazwa magunia ya mahindi. Hakuna hata mtu mmoja aliyetuambia twende nyumbani.

Akina Lomayani walipotoka jandoni na nguo zao nyeusi, walinikuta mferejini nikinywesha ndama.

"Wee layoni!" walicheka; ndivyo tunavyomwita mvulana asiyepita jando. "Mwandikie bwana wa Moshi barua, mwulize amefika wapi!"

Baba hakunisema. Alinionyesha tu zizi.

Siku hizi, wakati wa Mwingereza, shule yake huko mlimani nayo huchagua wachache. Mjukuu wangu ameitwa kufanya mtihani, na barua imetaja siku na saa. Ikiahirishwa, nadhani wataandika nyingine. Sisi hatukuandikiwa. Niliingia jandoni miaka baadaye pamoja na Saning'o, mdogo wangu, na rika lake ndilo langu. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa mashamba, Mwingereza alisoma hesabu za mipaka vibaya nami nikaliona kosa. Nikasimama. Saning'o akanivuta shuka. "Kaa, kaka. Rika la wakubwa halijasema." Nikakaa, nikamsikiliza Lomayani akizikubali hesabu zile.