Chachu Iliyotoka Luuq

Ukipita Makutano ya Meru asubuhi na mapema, kabla malori ya Isiolo hayajaanza kuunguruma, utasikia harufu ya anjera, ule mkate mwembamba wa Kisomali wa unga uliochachishwa, ikitoka uani, nyuma ya duka la matairi. Huko ndiko anakoishi Dhahabo, mke wa Mahamed. Mahamed aliendesha lori mpaka magoti yakamkatalia, na sasa kazi yake ni kukaa barazani na bakora, kusalimiana na wapita njia. Dhahabo hakustaafu kitu chochote. Jiko lake la makaa huwaka kabla ya jua, na halijawahi kumsubiri mtu.

Alizaliwa Luuq, kule Somalia, mji ambao mto Juba umeuzunguka karibu wote, ukauachia kama mlango mmoja tu wa kutokea. Mlango huo ndio alioupitia akiwa msichana, ndani ya lori la Mahamed. Wakati huo alikuwa ameshaposwa na shemeji ya dada yake mkubwa, Ikran. Mama yao alijua. Hakumbariki na hakumzuia. Alimpa tu kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake vipande vya unga wa anjera uliochachishwa ukakaushwa juani.

"Ukifika huko unakokwenda, loweka hii," mama alimwambia. "Kila siku ubakize kidogo cha kuanzia kesho yake. Ukifanya hivyo, popote utakapokuwa utakuwa unakula kwangu."

Ikran ndiye aliyebaki na aibu mbele ya wakwe zake, na Ikran si mtu wa kumeza aibu kimya kimya. Aliapa mbele ya watu kwamba chakula cha Mahamed hakitapita kooni mwake. Watu walidhani ni hasira za siku mbili. Miaka ikapita, nywele zikaingia mvi, kiapo kikabaki kiapo. Mama yao alipofariki, Dhahabo alisafiri na gunia la unga na tende za matanga. Ikran alimkumbatia dada yake, akalia naye, kisha akawagawia majirani unga wote na tende zote bila kuonja hata moja.

Hapa Meru, Dhahabo alikuta baridi ambayo hakuwahi kuisikia hata kwa kuhadithiwa. Luuq unakoroga unga jioni, asubuhi umeumuka wenyewe hata usipotaka. Makutano, mwezi wa Julai, ukungu ukishuka, rojo la anjera hulala sufuriani kama udongo wa kusiriba. Jirani yake Karambu, mama aliyeolewa hapo kutoka Mikinduri, ndiye aliyemwonyesha kuifunika sufuria kwa sweta kuukuu na kuiweka karibu na jiko lenye majivu ya moto. Hivyo ndivyo walivyozoeana, ingawa hakuna aliyekisifu chakula cha mwenzake.

"Hii ni chapati iliyougua ndui," Karambu alikuwa akisema, akiangalia vile vitundu vya anjera.

"Na huo mukimo wenu wa kupondaponda, Mama Muthomi?" Dhahabo humjibu. "Aliutafuna nani kabla sijafika?"

Watoto wao, kina Noor wa Dhahabo na kina Muthomi wa Karambu, walikula huku na huku bila kuuliza. Lakini Dhahabo mwenyewe aliishika anjera yake. Sufuria yake ya chachu, nyeusi isiyo na mkono, haikuwahi kuoshwa ndani, maana humo alibakiza kila siku kidogo cha kuanzia kesho yake. Wanawake wenzake wa Kisomali pale mjini, wengi wao hutumia hamira ya dukani kwa sababu ya baridi, na mmoja mwenye duka la vitambaa aliwahi kumwomba kidogo cha kuanzia. Dhahabo alimnyima. Alisema ya mama haigawanywi kama chumvi. Mwanamke yule alienda zake, na habari ikaenea, na hakuna mwingine aliyeomba.

Basi mwaka huu Ikran, ambaye sasa anaishi Mandera, aliletwa Nairobi kufanyiwa upasuaji wa macho. Mwanawe akapiga simu kusema kwamba wakirudi Mandera watapitia Meru, walale usiku mmoja. Kisha Ikran mwenyewe akachukua simu.

"Nitalala kwako kwa sababu wewe ni damu yangu," alisema. "Lakini kula, nitakula anjera ya mama tu. Hiyo si ya Mahamed, hiyo ni ya mama. Bado unayo?"

"Ninayo, abaayo," Dhahabo akajibu. Kwao dada huitwa hivyo.

"Haya. Tutaonana."

Dhahabo aliiweka simu chini, mikono yake ikawa haijui ishike nini. Mtu aliyekataa chakula chake tangu ujana alikuwa amejitafutia upenyo mwembamba wa kupita bila kuvunja kiapo, na upenyo wenyewe ulikuwa mle ndani ya sufuria nyeusi.

Siku ya mgeni, Karambu alivuka ua mapema na mkamwana wake Kendi, mke wa Muthomi. Kwa Wameru, mgeni mzito hamhusu mwenye nyumba peke yake. Wanawake wa karibu watafagia uwanja, watapiga deki, na sufuria zitasuguliwa kwa waya na jivu mpaka zing'ae kama kioo, maana mgeni akiona masizi atajua wewe huna watu. Dhahabo aliwaachia nyumba, akaenda sokoni kutafuta iliki na nyama.

Aliporudi, alikuta sufuria zake zote zimepangwa uani, zimeanikwa juani, zinamulika macho. Ya mwisho kwenye mstari ilikuwa ile isiyo na mkono. Haikuwa nyeusi tena, nje wala ndani.

"Hii ilinitoa jasho, Mama Noor," Kendi alisema kwa furaha, akijipangusa paji la uso. "Aki ilikuwa na uji umeoza, tena mmeufunika na sweta. Nimesugua mpaka kucha zimeisha."

Karambu alitoka jikoni na ufagio mkononi. Akaiona sufuria, akaiona sura ya jirani yake.

"Kendi! Ule unga umeupeleka wapi?"

"Nimemwaga kwa mtaro. Si ulikuwa unanuka?"

"Ngai wangu! Hata uji wetu unanuka! Wewe uji unanunua kwa pakiti, utajuaje harufu ya kitu hai?"

Karambu alikimbilia mtaroni. Maji ya kufulia yalikuwa yameshapita, na kuku wawili walikuwa wakimalizia kilichobaki. Akarudi mikono mitupu. Kendi alikuwa ameanza kulia.

Dhahabo aliketi juu ya mtungi wa plastiki. Aliitazama sufuria.

"Imeng'aa," alisema. Basi.

"Si umpigie yule mama wa duka la vitambaa," Karambu alisema. "Hukumpa hata kidogo?"

"Aliniomba."

"Halafu?"

"Nikamnyima."

Kuna maneno ambayo jirani mwema huyahifadhi. Karambu akavuka ua, na aliporudi alikuwa amebeba kibuyu chake cha uji, kile ambamo humiminwa uji mpya juu ya masalio ya uji wa jana, nacho hakikaushwi. Kwapani alikuwa na mfuko wa unga wa mawele kutoka shamba la dada yake upande wa Tharaka.

"Chukua. Chachu ni chachu."

"Nimwekee Ikran uji wa Wameru?"

"Basi mwekee sufuria inayong'aa, ale hiyo."

Dhahabo alicheka bila kutaka. Wakakoroga. Unga wa mawele, maji ya uvuguvugu, na masalio machachu kutoka kibuyuni. Kendi aliifunga sufuria kwa blanketi la mtoto, akakaa nayo kando ya jiko mchana kutwa, kila mara akifunua na kuchungulia, mpaka Karambu akamwambia kwamba hata yai halianguliwi hivyo.

Ikran alifika jua likielekea kuzama, mrefu kama zamani, amevaa miwani myeusi ya hospitali, anaongozwa na mwanawe. Alimkumbatia Dhahabo kwa nguvu. Mahamed alisimama kwa taabu akatoa salamu, naye akaijibu huku uso umeelekea ukutani. Alipoletewa maji alikunywa gilasi nzima.

"Maji ni ya Mungu," alieleza, ingawa hakuna aliyeuliza. Chakula cha jioni alisema safari imemshibisha.

Kulipokucha, Mahamed alichukua bakora yake akakaa nje ya mlango, kwenye kiti chake, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa chifu. Dhahabo alifunua blanketi. Rojo lilikuwa limeumuka. Alipasha kikaango moto, akamimina katikati, akalizungusha kwa tako la upawa kutoka ndani kwenda nje, duara juu ya duara, kama alivyofundishwa. Vitundu vikatokea. Lakini rangi ilikuwa ya majivu, na mvuke wake ulikuwa wa jikoni kwa Karambu.

Alisimama na sahani mkononi. Macho ya Ikran hayakuwa yamepona. Rangi hataiona. Angeweza kuiweka mbele yake, aseme bismillahi, na kiapo cha miaka yote kiishe palepale, kila mtu aende zake akiwa na amani. Alipiga hatua akiwa na mawazo hayo. Alipofika mkekani alikuwa ameshayaacha njiani. Amani ya namna hiyo angekuwa ameiiba kwa mgonjwa.

Ikran aliinua anjera moja mpaka puani. Akakaa nayo hapo.

"Abaayo, hiyo si ya mama," Dhahabo akasema.

Kisha akamweleza yote, mtaro na kuku, hata yule mama wa vitambaa aliyemnyima. Ikran alisikiliza bila kugeuza uso.

"Imepotea lini?"

"Jana."

"Miaka yote hiyo, halafu jana." Alirudisha anjera sahanini. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, akakiweka gotini. "Hiki nilikibeba toka nyumbani. Nilitaka unifungie kidogo."

"Kwani yako?"

"Unadhani nina ya mama mimi? Mwaka wa ukame, tulipohama usiku wa manane, sikubeba sufuria. Nilibeba watoto." Akakikunja kitambaa upya. "Ninayopikia sasa nilipewa na mke wa mhunzi. Mimi, niliyefunzwa kwamba kwa mhunzi hakuliwi, nilipewa na mke wa mhunzi! Sikumwambia mtu."

Nje, bakora ya Mahamed iligonga sakafu mara moja, ikatulia. Dhahabo aliitazama sahani ikipoa. Mandera ilikuwa mbali, gari lilikuwa linakuja, na dada yake angeondoka hapo na tumbo tupu kama alivyoingia.

Halafu Ikran akauliza, kwa sauti ya mtu anayekagua mzigo:

"Unga huu ni wa nani?"

"Wa jirani. Karambu."

"Na chachu?"

"Ya Karambu pia."

"Makaa?"

"Makaa ni ya Mahamed."

"Makaa hayaliwi. Mwite huyo mwanamke."

Karambu hakuwa mbali. Alikuwa amesimama mlangoni na Kendi nyuma yake, wakisikiliza Kisomali wasichokielewa na kusoma nyuso. Ikran alimgeukia kwa Kiswahili chake cha mpakani.

"Wewe iko Karambu?"

"Ni mimi, mama."

"Kaa hapa. Leo mimi nakula kwako."

Karambu alitazama kuta, akatazama mkeka. "Kwangu ni ng'ambo ya ua, mama. Hapa ni kwa Dhahabo."

"Unga yako?"

"Ndiyo."

"Basi kwako. Kaa."

Karambu aliketi. Ikran akakata kipande kwa vidole, akatafuna taratibu, akameza. Dhahabo hakuinua macho kutoka sahanini.

"Imekuwa nene pembeni," Ikran alisema, sasa kwa Kisomali. "Unamimina kwa haraka. Mambo yako yote ni haraka. Hata kuolewa uliolewa kwa haraka."

"Anasema nini?" Karambu akanong'ona.

"Ananitukana," Dhahabo akajibu, huku machozi yakimtoka.

"Afadhali," Karambu akasema. "Anayetukana amefika nyumbani."

Ikran alimaliza ya kwanza akachukua ya pili, akikosoa kila kipande. Anjera ya mawele ni kavu kooni, na katikati ya ya pili alikohoa.

"Hakuna chai nyumba hii?"

Dhahabo alichukua birika, akasita. Alikuwa ameshasema kweli asubuhi hiyo, hakuona sababu ya kubadilisha.

"Chai ipo. Lakini majani, maziwa, sukari, vyote ni vya Mahamed."

Ikran aliweka kipande sahanini. Pale nje kiti cha Mahamed kililia. Lori moja lilipita barabarani, vikombe vikatetemeka kwenye sinia, likatokomea.

"Mimina," Ikran akasema.

Dhahabo akamimina, akaishia katikati ya kikombe, asije akazidisha. Ikran alikipokea kikombe, akakipima uzito, akamrudishia.

"Jaza," alisema. "Mandera haifikiki kwa nusu kikombe."