Lenzi ya Jikoni kwa Bibi Emerensiana

Mimi ni fundi cherehani, na mafundi cherehani tuna ugonjwa mmoja: tukishapima, hatusikii la mtu. Nalisema hili mapema ili mkifika kwenye kosa langu msishangae.

Fremu yangu ya biashara hapa Njombe mjini nagawana na Oktavia Mgaya, mpiga picha. Upande wangu kuna cherehani na sare za shule zinazosubiri vifungo. Upande wake kuna pazia la bluu, kigoda, na kamera yenye lenzi ndefu ajabu. Lenzi hiyo ndiyo iliyomjengea jina. Kwetu mtu akiona lenzi fupi anauliza kama mpiga picha mwenyewe atafika baadaye.

Oktavia ni mpole kupita kiasi, na ana tabia ya kuwaza kabla ya kujibu. Inanikera, maana mimi hujibu kwanza. Amepiga harusi, kipaimara na mahafali, na hakuna aliyelalamika. Waliomshinda ni watoto tu, tena si kosa lake. Mtoto wa huku akiambiwa kuna picha, anapakwa mafuta mpaka anang'aa, anavalishwa nguo ya kanisani, kisha mama yake anamwambia, "Simama vizuri!" Basi anasimama mikono imenyooka na kidevu juu, kama anayesubiri wimbo wa taifa. Albamu zetu zimejaa askari wa miaka mitatu.

Jumatatu moja ya Juni, katika ile baridi ya kuvaa sweta mbili, akaingia Bibi Emerensiana amemshika mjukuu wake mkono.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, bibi. Karibu," alijibu Oktavia.

"Mwanangu, nataka uninasie kicheko."

Akatueleza. Mjukuu anaitwa Jasmine, ana miaka minne, na amelelewa kwa bibi tangu alipoachishwa ziwa. Sasa mama yake, Teodora, amepata kazi ya kudumu Morogoro na nyumba ya kukaa. Angefika Jumamosi, na Jumapili baada ya misa angeondoka na mtoto.

"Si vibaya," alisema bibi. "Mtoto ni wa mama yake. Ila nyumba itanyamaza. Nataka nibaki na kicheko chake."

"Anachekaje?" aliuliza Oktavia.

"Anarudisha kichwa nyuma, anapiga sakafu kwa viganja, halafu sauti inakatika kabisa. Unakaa unamngoja arudi."

Tukamtazama Jasmine. Alikuwa amekwishasimama mbele ya pazia la bluu, mikono imenyooka.

Siku ile tulicheza, tuliimba, nikajifunga gauni la mteja kichwani. Bure. Kesho yake Oktavia akawafuata nyumbani, pembeni ya mji. Sebuleni kulikuwa na giza la mawingu. Akiwasha flashi, mtoto anakakamaa. Akizima flashi, lenzi yake ndefu hainywi mwanga wa kutosha, na Jasmine akigeuka kidogo tu anatoka ukungu mtupu. Picha moja ilimwonyesha ana mikono mitatu.

"Lenzi ni dirisha," Oktavia aliniambia jioni. "Hii yangu ni ndefu lakini dirisha lake ni dogo. Nahitaji fupi yenye dirisha kubwa, ili nipige ndani bila flashi. Kasimiri wa Makambako anazo."

Hapo ndipo nilipojiingiza. Nilimwambia hakuna kununua kitu bila kipimo. Jumatano asubuhi, kabla hatujaenda Makambako, nikapita kwa bibi na futi kamba yangu, nikapima sebule kutoka ukuta hadi ukuta. Futi kumi na nne. Nikaandika kiganjani.

Kasimiri ana kibanda karibu na stendi ya Makambako, malori yakipita mbele yake kutwa nzima. Anatengeneza simu na redio, na kwenye kabati la kioo ana kamera na lenzi za mtumba. Tulipomweleza habari ya mtoto, alitutolea mbili, zote fupi kama kikombe cha kahawa. Moja ilikuwa ya milimita hamsini, nyingine ya thelathini na tano.

"Zote zinafunguka sana, zote zinapiga gizani," alisema. "Hamsini inakutaka usimame mbali kidogo, inachukua uso peke yake vizuri mno. Thelathini na tano inakutaka usogee, na inachukua zaidi ya uso. Kwani mtoto anachekea wapi?"

Oktavia akaanza kuwaza. Mimi sikumngoja. "Sebuleni," nilijibu, nikaonyesha kiganja. "Futi kumi na nne. Hamsini inatosha kabisa."

"Fundi, una uhakika?"

"Nimepima."

Kasimiri akatabasamu, akatufungia ile ya hamsini. Akasema ikitukataa tuirudishe kabla ya Jumamosi, atatubadilishia.

Alhamisi tukakaa sebuleni kwa bibi kama wageni wa posa. Vitambaa vya kufuma juu ya makochi, chai, karanga. Jasmine akakaa kwenye ncha ya kochi, mafuta usoni, magoti pamoja. Nusu saa nzima hakukohoa. Kulikuwa na baridi mle mpaka chai ikapoa kabla hatujainywa. Mwishowe bibi akamruhusu atoke, yeye mwenyewe akamfuata kutazama moto.

Hazikupita dakika mbili tukasikia kicheko kutoka nyuma ya nyumba. Kilipanda, kikapanda, kisha kikakatika, na viganja vikasikika vikipiga sakafu.

Oktavia alinigeukia taratibu. "Mtoto anachekea wapi, fundi?"

 Mimi nimezaliwa Njombe. Najua kabisa kwamba Juni hakuna anayeishi sebuleni. Sebule ni ya wageni na picha ya Mama Maria. Watu wa nyumba wako jikoni, kwenye moto. Nilipima chumba ambacho mtoto haingii ila akiwa ameoshwa.

Tukazunguka nyuma. Bibi alipotuona mlangoni akanyanyuka na mwiko mkononi. "Hapana, hapana! Jikoni kuna masizi. Mgeni haingii huku!"

"Bibi, mimi nimechoka kuwa mgeni," alisema Oktavia. Akavua viatu, akavuta kigoda, akachukua kisu na beseni la viazi, akaanza kumenya.

Bibi alimtazama anavyomenya, akaona ganda linatoka jembamba, akarudi kukaa motoni. Kibali kikawa kimepatikana. Tatizo likabaki lile nililolinunua mimi. Jiko lile lilikuwa dogo. Oktavia alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na bado ile hamsini ilimpa pua ya Jasmine na sikio moja. Jasmine alikuwa amegeuza kiti cha bibi kuwa nyumba yake, hakai mbali naye hata hatua moja.

Ijumaa asubuhi nilipanda gari la Makambako peke yangu. Nilijihukumu mwenyewe. Oktavia alibaki akimenya viazi. Kasimiri aliponiona akaweka ile thelathini na tano mezani.

"Sema tu," nilimwambia.

"Kuuliza si ujinga, fundi. Umemshonea mtu suti, kumbe anaenda kulima."

Nilirudi saa nane mchana. Oktavia alikuwa na masizi shavuni, na Jasmine alikuwa anamwita "wewe", kama mtu wa nyumbani. Akabadilisha lenzi bila haraka, akaiweka kamera mapajani chini ya kitenge. Mwanga ulitoka mlangoni na kwenye moto. Hakuna aliyesema neno picha.

Bibi akafukua viazi majivuni, akanipa kimoja. Nilikuwa na njaa ya safari, nikakibana kwa vidole vyote vitano. Mama yangu! Nikakirusha juu, nikakidaka, kikaniunguza tena, nikakirusha, nikaruka nacho jiko zima nikimtaja mtakatifu mmoja baada ya mwingine, mpaka nikakalia ndoo ya maji.

Jasmine akarudisha kichwa nyuma kwenye mapaja ya bibi. Viganja vikapiga sakafu. Sauti ikakatika. Na bibi naye, mtu mzima mwenye rozari shingoni, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamvuka. Nikiwa kwenye ndoo nilisikia kamera, polepole, mara tatu.

Jumamosi Oktavia alichapisha moja kubwa. Ilikuwa na kila kitu: masizi, mafiga, sufuria, mtoto amefumba macho kwa kucheka, na juu yake bibi kinywa wazi, jino moja halipo. Pembeni kulikuwa na mkono wangu na kiazi hewani. Kwa hamsini tungepata mtoto peke yake. Nilijua hivyo, na nilifurahi kwamba kosa langu lilinirudisha Makambako.

Jumapili baada ya misa tukampelekea bibi. Teodora alikuwa uani anafunga mabegi. Bibi aliishika picha kwa mikono miwili.

"Jiko langu lina masizi," alisema kwanza. Kisha, "Kumbe na mimi hucheka hivi."

Tukadhani ataingia ndani kutafuta msumari. Badala yake akainama kwenye begi dogo, akaisukuma picha katikati ya sweta za mtoto ili isikunjike.

"Bibi, si ulitaka ubaki nayo?" nilimuuliza.

"Wewe fundi, mimi nitamsahauje? Yeye ndiye ana miaka minne."

Oktavia akasema atachapisha nyingine, na macho yake yalikuwa yamejaa. Yangu pia, sitaki kuficha. Bibi akaitoa tena kidogo, akamvuta Jasmine, akaweka kidole juu ya uso wake mwenyewe.

"Huyu nani?"

"Bibi."

"Anafanya nini?"

"Anacheka."

"Haya. Wakikuuliza huko bibi yako yukoje, uwaambie hivyohivyo."